Sajini Asiyeinama

Nje kidogo ya mji wa Nyamira, watu wakikupa jina la utani utazikwa nalo. Nyasani walimwita Sajini. Hakuwahi kuwa sajini wa kitu chochote. Alikaa KAR, jeshi la Waingereza, miaka michache kabla ya uhuru, akaosha malori na kubeba masanduku kule Nanyuki, kisha jeshi likamrudisha nyumbani kwa sababu ya mgongo. Lakini wanakijiji hawakuambiwa habari za mgongo. Walichokiona ni kijana aliyerudi kutoka kwa Wazungu amenyooka kama nguzo ya simu, na wao wakamalizia hadithi wenyewe, maana katika kazi hiyo hawajawahi kukosa bidii.

Ugonjwa wenyewe ulianza kama ugumu wa asubuhi. Angeamka kabla ya jogoo, kiuno kimefungwa, hawezi kukaa kitandani wala kugeuka, mpaka ajiviringishe sakafuni, ashike ukuta, ajiinue taratibu. Halafu ilimbidi atembee. Akizunguka ua wa mama yake huku na huku, jua likipanda, mwili ulilegea kidogo na maumivu yakapungua. Majirani waliokwenda kukama ng'ombe walimwona akizunguka gizani, wakaambiana kwamba Sajini anapiga gwaride peke yake. Walicheka. Hata yeye siku za mwanzo alicheka nao, maana mtu anayechekwa angalau ana watu.

Mwaka mmoja kabla ya uhuru alikwenda hospitali Kisii. Daktari aliyemwona alikuwa Mhindi mzee, mpole, mwenye Kiswahili cha dukani. Alimsimamisha ukutani, akampapasa uti wa mgongo pingili kwa pingili, akamwambia ainame aguse vidole vya miguu. Mikono ya Nyasani iliishia magotini.

"Mifupa yako inashikana," daktari alisema. "Pingili hii na hii, katikati mfupa mpya unaota. Mwisho mgongo wote utakuwa mfupa mmoja. Labda na shingo. Labda na nyonga."

"Kuna dawa?"

"Ya maumivu, iko. Ya kuzuia, hakuna. Lakini kitu kimoja unaweza kuchagua. Ukilala umejikunja, utashikana umejikunja, utatazama ardhi mpaka uzeeni. Ukilala chali juu ya ubao, bila mto, utashikana umenyooka."

Alipotoka pale Nyasani alipitia sokoni, na huko alimwona mzee mmoja aliyepinda mpaka uso wake ulielekea udongo, akinunua ndizi kwa kuitazama miguu ya wauzaji. Watoto walikuwa wakimfuata wakimwigiza. Nyasani alisimama akamwangalia yule mzee mpaka alipopotea kati ya watu, na uamuzi akaufanya papo hapo. Kama ni lazima ageuke mti, basi awe mti wa kusimama.

Alipofika nyumbani aling'oa mlango wa zizi kuukuu la mbuzi, akauparura kwa panga, akauweka juu ya kitanda chake. Mama yake, Mokeira, alisimama mlangoni akitazama.

"Kwani mwanangu amekufa," aliuliza, "hata alale juu ya mbao?"

Nyasani akamweleza yote. Mokeira alikuwa mama wa Sabato, mwenye maneno machache, na alipokwisha kusikia aliuchukua ule mto wa pamba uliokuwa kitandani akaenda nao nyumbani kwake, asije mwanawe akaingia katika majaribu usiku. Huyo ndiye alikuwa mtu pekee aliyejua.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Miaka ile yote Nyasani alilala chali juu ya mlango wa mbuzi, kisogo juu ya mti mtupu, na kila usiku mwili ulimsihi ajikunje, walau kidogo, walau upande mmoja, naye akaunyima. Mgongo ulishikana. Mbavu zikakaza hata akawa hawezi kuvuta pumzi ndefu wala kuimba mstari mzima wa wimbo kanisani. Shingo ikafuata, na mwisho nyonga. Kufikia mwaka wa sitini na saba alikuwa kipande kimoja kuanzia kisogoni hadi mapajani, amenyooka kabisa, na moyoni alijua ameshinda.

Kuna jambo moja tu ambalo daktari hakumwambia, na sidhani kama daktari mwenyewe alilijua. Mtu aliyepinda watu humhurumia. Aliyenyooka humtafutia makosa.

Na makosa yalipatikana mengi. Akialikwa ndani ya nyumba, aliitikia nje, kwa sababu milango ya zamani ilikuwa mifupi na yeye hakuwa na namna ya kuinamisha kichwa. Akipewa kigoda alisema, "Acha tu nisimame," na mwenye nyumba alikirudisha kigoda chake akiwa amenuna. Watoto walimsalimu kwa heshima wakiwa usawa wa kiuno chake, naye akapita akitazama mbele, maana macho yake hayakuweza kufika huko chini. Mama zao wakasema Sajini hasalimu watoto wa maskini. Mtu akimwita kwa nyuma ilimbidi ageuke mwili mzima, polepole, kama askari aliyepewa amri. Basi walipoona hayo yote wakaona wanamfahamu vizuri. Taratibu mialiko ilikwisha, kisha salamu nazo zikapungua. Jioni alikula obokima, ugali wa kwao, na mboga yake akiwa amesimama, sahani juu ya rafu aliyoipigilia ukutani, na mara nyingi sauti pekee nyumbani mwake ilikuwa ya kijiko.

Kulima alilima kwa jembe alilolitia mpini mrefu. Chai ndiyo iliyomheshimu, kwani kichaka cha chai hukatwa usawa wa kiuno na mchumaji husimama wima, na mbele ya chai Nyasani alikuwa mtu kama wengine. Lakini miguu yake mwenyewe hakuifikia wala hakuiona. Kila alfajiri alishuka kijitoni, chini ya shamba la marehemu baba yake, palipokuwa na jiwe bapa ndani ya maji. Alisimama juu yake, akasugua mguu kwa mguu na kisha nyayo kwa jiwe, mpaka alipohisi ni safi. Hiyo ndiyo ilikuwa njia yake ya kuoga miguu, hapakuwa na nyingine.

Mke hakuoa. Ng'ombe wa kuoa alikuwa nao: dada yake Nyanchera alipoolewa, mahari yake ilikuwa ya Nyasani kwa desturi, akiwa kaka mkubwa. Aliwatazama wale ng'ombe zizini msimu mzima. Kisha akamwita mdogo wake, Machogu, akamwambia awachukue akaoe. Machogu alishangaa, akakataa kwa adabu, akabembelezwa, akachukua. Akamleta Drusilla, msichana mchangamfu kutoka upande wa Kenyenya. Nyasani alifurahi kwa dhati siku ile ya arusi. Alimpenda Machogu kuliko mtu yeyote aliyekuwa hai. Alimbeba mgongoni utotoni, mgongo ulipokuwa bado mgongo.

Ugomvi uliletwa na wapimaji wa mashamba. Serikali ilitaka kila mtu awe na kipande chake na mipaka yake, na ndugu wengi waliokuwa wakilima pamoja bila neno waliamka asubuhi moja wakiwa washitaki na washitakiwa. Machogu alitaka ukanda wote wa kijitoni apande majani ya ng'ombe. Nyasani, aliyempa ng'ombe wa arusi bila kuombwa, akakataa kumwachia hata njia nyembamba.

"Unataka kufanya nini pale?" Machogu alimuuliza mbele ya wazee. "Hunyweshi ng'ombe. Hufyatui matofali. Kuna jiwe tu."

"Nalitaka jiwe," alisema Nyasani.

Watu walicheka, wakidhani ni kiburi cha Sajini. Hakuweza kueleza, na sababu yake mtu wa pale angeielewa mara moja. Msimu uleule, ng'ambo ya kilima, mwanamume mmoja mwenye kesi ya mpaka alivimba mguu. Hakuna aliyeuliza daktari. Waliuliza ni nani aliyemtazama vibaya, ni nani mchawi, na kufikia mwisho wa juma nyumba ya mke wa ndugu yake ilikuwa majivu. Mwanamke mwenyewe aliponea migombani. Nyasani aliona wazi kabisa kitakachofuata akisema mgongo umemshika: vidole vyote vingemwelekea Drusilla, mke wa kuja, mgeni kutoka Kenyenya, mwenye faida ya kuipata katika ugonjwa wa shemeji yake. Alimwapisha mama yake anyamaze. Naye akanyamaza.

Wazee walimpa Nyasani ukanda wa kijitoni. Machogu aliinama kwa heshima mbele yao akaenda zake, lakini uso wake ulikuwa umefunga. Wahenga walisema ndugu wakigombana shika jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune; basi kapu la mavuno akalileta Okemwa, mzee wa kanisa la Sabato, mtu mwema asiyependa mambo yabaki nusunusu. Alitangaza kwamba robo ile ya mwaka, siku ya Meza ya Bwana, Nyasani na Machogu watatawadhana miguu mbele ya wote, na neno liishe.

Yafaa nieleze kwa asiyejua. Wasabato kabla ya kula mkate na kunywa divai huoshana miguu, wanaume na wanaume, wanawake na wanawake, kama Bwana alivyowaosha wanafunzi wake. Aliye na kinyongo na mwenzake humtafuta huyo huyo. Na anayekaa kando siku hiyo hakuna anayejiuliza kama ana kidonda au homa. Kila mtu anajua kwamba moyoni mwake kuna mtu hajamsamehe.

Wanaume walikutana katika darasa lililopakana na kanisa. Machogu alikaa kwenye benchi, akavua viatu. Miguu yake alikuwa amekwisha kuiosha nyumbani, kama wafanyavyo wote, maana hakuna apendaye kumpa ndugu yake tope. Nyasani, akiwa mkubwa, ndiye angeanza. Okemwa alimtia beseni mikononi.

Usiku kucha juu ya ule mlango wa mbuzi Nyasani alikuwa amewaza namna ya kufanya. Alifikiri magoti yangempeleka chini na mikono ingefikia. Sasa alikunja magoti, akashuka, na mwili ukafika mahali ulipokuwa unaishia. Nyonga zilikataa. Akilazimisha angeanguka kifudifudi juu ya mapaja ya mdogo wake pamoja na maji na beseni. Akajiinua tena. Kutazama chini hakuweza. Mbele yake kulikuwa na ubao wa darasa na hesabu za kutoa ambazo mtoto fulani hakuzimaliza. Alisikia maji yakitikisika. Alisikia wanaume wakiacha kunong'ona mmoja baada ya mwingine.

Sentensi moja ingetosha. Ilikuwa mdomoni. Akamwona Drusilla moyoni, amejificha migombani na mtoto mgongoni, akaimeza. Akageuka mwili mzima, akamrudishia Okemwa beseni, akatoka nje katika jua.

Machogu alikuja jioni, akasimama uani.

"Nilikaa pale miguu wazi kama mtoto," alisema. "Kanisa zima linatazama. Nawe ukanisimamia juu ya kichwa, hata kunitazama usoni hukutaka."

"Machogu."

"Ukanda umepata. Jiwe umepata. Kuanzia leo mimi sina kaka."

Kabla ya mvua za vuli alikuwa amepata shamba kwenye skimu ya Nyansiongo, akahama na Drusilla na watoto. Nyasani alisimama kwenye kichaka cha chai akisikiliza mkokoteni ukishuka, kwa kuwa ulipita upande ambao asingeweza kuuona bila kugeuka, na hakutaka wamwone akigeuka.

Miaka iliyofuata sina mengi ya kuisimulia, kwa sababu haikuwa na mtu ndani yake. Chai ilikatwa ikachipua. Mokeira alizeeka. Siku za Meza ya Bwana Nyasani alisimama nje, karibu na dirisha, akisikiliza sauti za maji na wanaume wakiombeana, na walipoanza kuimba aliondoka. Walimwona. Wakasema huyo ni Sajini, hata kwa damu yake hakuinama.

Mokeira alipougua mara ya mwisho, mwaka wa sabini na mbili, alimshika mwanawe mkono.

"Nifungue kiapo," alisema. "Nimwambie mdogo wako."

"Akijua, mke wake naye atajua, na watu watajua. Acha, mama."

"Utabaki na nani?"

Nyasani aliushika mkono wa mama yake mpaka Mokeira akalala usingizi. Alifariki baada ya hapo, Sabato asubuhi.

Machogu alikuja mazishini. Alisimama ng'ambo ya kaburi. Watu waliinama kila mmoja akachota udongo akaurusha. Nyasani alisimama. Kumwomba mtu amchotee udongo wa kumzika mama yake mwenyewe, mbele ya Machogu, lilikuwa jambo ambalo ulimi wake haukuliweza. Wakamwacha hapo, vichwa vikitikisika. Walipoondoka wote na makoleo yao, alikwenda kwenye ukingo wa lile tuta, akausukuma udongo kwa mguu, kidogo kidogo, huku akilia. Hakuuona ukianguka. Aliuhisi tu ukitoka chini ya unyayo.

Sasa hapakuwa na mtu hata mmoja duniani aliyejua.

Habari ya Machogu ililetwa na dereva wa lori la chai. Trela la trekta lilimpindukia kwenye mteremko huko Nyansiongo, paja likavunjika, na alikuwa amelazwa Kisii. Drusilla ndiye aliyetuma ujumbe. Alisema tu: mwambie Nyasani ndugu yake yuko hospitali.

Nyasani alikwenda Sabato mchana, amesimama nyuma ya pikapu ya mtu wa ndizi, ameshika vyuma. Njia nzima alijiambia atamwona kutoka mlangoni na kurudi. Kama Machogu angegeuza uso, basi angegeuza. Lakini afe mmoja wao bila kuonana, hapana.

Wodi ilikuwa ndefu na ilinuka dawa ya sakafu. Vitanda vya hospitali ni virefu, hufika mtu kiunoni. Machogu alikuwa amelala chali, na mguu wake uliovunjika ulikuwa umening'inizwa hewani kwa kamba na puli, na mawe ya uzani yakivuta upande wa pili wa chuma. Alikuwa na ndevu za siku nyingi. Alipomwona aliyeingia akageuza uso ukutani.

"Huyu ni nani wako?" aliuliza nesi aliyekuwa akipita.

Machogu hakujibu. Nesi akaenda zake.

Nyasani alisimama mwishoni mwa kitanda. Mbele ya macho yake, usawa wa kifua chake kabisa, palikuwa na mguu wa ndugu yake. Miaka mingi ilikuwa imepita bila yeye kuona mguu wa binadamu karibu namna ile. Ulikuwa mchafu, na tope la Nyansiongo lilikuwa bado limekauka kati ya vidole, kwa sababu manesi walikuwa wachache na walikuwa na kazi nyingine. Aliutazama kwa muda. Kisha akatembea hadi kwenye bomba mwisho wa wodi, ambako beseni lilikuwa limewekwa juu ya meza, akalijaza, akarudi nalo, akalitua juu ya kabati la kitanda. Akalowesha kitambaa chake cha mfukoni. Akaushika ule mguu kwa mkono wa kushoto, kwa uangalifu, asitikise kamba, akaanza kuuosha.

Machogu alishituka. Akageuza kichwa.

"Unafanya nini?"

"Nakutawadha."

Alisugua kisigino. Akapitisha kitambaa kati ya vidole kimoja kimoja, tope likatoka, na maji yakachuruzika kwenye mikono yake mpaka ndani ya shati. Machogu alikuwa anamtazama kutoka chini, na huko chini alikolala aliona kitu ambacho miaka yote hakukiona: kaka yake alikuwa anaosha mguu bila kuuinamia, uso umekaa mbele kama umepigiliwa, macho tu yakishuka, na alipotaka kufikia beseni aligeuka mwili mzima.

"Wameniwekea ubao chini ya godoro," Machogu alisema baadaye, taratibu. "Wanasema nisijikunje. Nimelala chali hivi wiki ya pili. Mtu anatamani kufa."

"Najua."

"Unajuaje?"

"Nimelala juu ya ubao tangu kabla hujaoa."

Akamweleza. Alieleza akiendelea kuosha ule mguu uliokwisha kuwa safi: daktari Mhindi, mlango wa zizi, jiwe la kijitoni. Akaeleza siku ya Meza ya Bwana, magoti yalipokunjika na mwili ukakataa. Machogu alifumba macho.

"Ungesema neno moja."

"Kesi ya shamba ilikuwa bado moto. Ningesema mgongo wangu umeshikwa, wangemtazama nani?"

Machogu hakuhitaji kuambiwa jina. Halafu, polepole, akauinua mguu wake wa pili, ule usiovunjika. Haukuwa na kamba wala puli ya kuushika. Aliuinua kwa nguvu zake mwenyewe kutoka juu ya shuka, paja likitetemeka, jasho likimtoka usoni, akaupandisha hewani mpaka ukafika kwenye mikono ya kaka yake. Nyasani akaupokea.

Alipomaliza, Machogu alinyoosha mkono.

"Lete wako."

"Siwezi kuuinua. Nawe huwezi kushuka."

Nyasani alisogea hadi ubavuni mwa kitanda. Kisha Machogu akavuta beseni karibu na ukingo wa kabati, akachovya vidole, akaushika mkono wa Nyasani uliokuwa umening'inia kando ya kitanda. Akauosha. Akaosha kiganja na nyuma ya kiganja na kila kidole, na alipomaliza akaomba na wa pili. Hicho ndicho kiungo pekee alichoweza kukifikia.

"Ominto," alisema, yaani wa nyumba yetu, neno ambalo hakuwa amelitumia tangu mwaka wa sitini na saba.

Yule nesi alirudi akiwa na ndoo na matambara. Aliona maji yametapakaa sakafuni, na kitambaa kichafu kimeanguka chini ya kitanda.

"Mzee, mnaniharibia wodi," alimwambia Nyasani. "Inama uokote hicho kitambaa."

"Huyu hainami," alisema Machogu. Aliisema kwa sauti, wagonjwa wa vitanda vya jirani wakageuka. "Ni kaka yangu. Mgongo wake ni mgonjwa, miaka mingi sasa. Nikitoka hapa nitakuokotea mimi."

Nesi alimwangalia mmoja kisha mwingine, akainama akakiokota mwenyewe.

Nyasani alisimama akitazama ukuta. Hakuna mtu aliyewahi kuyasema maneno yale kwa niaba yake mbele ya watu. Machozi yalianza kumtoka, na kwa kuwa hakuweza kuinamisha uso ili ayafiche, wodi nzima iliyaona. Aliyaacha yatiririke. Mikono yake ilikuwa imelowa bado, na mmoja wao Machogu alikuwa hajauachia.